Kutalii ni Kusoma: Matrah katika Habari za Safari Zetu

Kuna aina ya maandishi inayokua miongoni mwetu ambayo wahakiki wa Kiswahili bado hawajaipa nafasi yake, nayo ni habari ya safari ya familia. Shule za Minnesota zinapofungwa mwezi wa Juni, familia zilizoweka akiba mwaka mzima hupanda ndege. Zamani safari ilikuwa moja tu, ya kwenda nyumbani, iwe Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, na msafiri aliporudi alisimulia kwa mdomo huku akigawa zawadi. Siku hizi wengi huvunja safari njiani. Hukaa siku nne, wengine kumi, katika mji wa bandari wa Asia kama Dubai, Doha au Maskati, wakatembea na watoto kama watalii wengine, na wakirudi Columbia Heights huandika walichokiona. Pengine haya ndiyo maandishi ya Kiswahili yanayosomwa zaidi majumbani mwetu, kwa kuwa kila mtu anamjua mwandishi, na kila mtoto anamjua mtoto aliye kwenye picha.

Kitu kinachosomwa hivyo kinastahili kuhakikiwa. Tumechagua mji mmoja, Matrah, ambao ndio bandari ya Maskati, kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake zimekuwa nyingi. Pili, Matrah si mji wa kigeni kwa Mswahili kama anavyoweza kudhani mtu anayezisoma habari hizo. Hoja yetu ni kwamba waandishi wetu huutazama tu mji huu, ilhali wana uwezo wa kuusoma, uwezo ambao watalii wengi waliojazana pale hawana.

Tuanze na umbo la habari yenyewe. Huanzia uwanja wa ndege, hulalamika kidogo juu ya joto, kisha hufika barabara ya ufukweni inayoitwa Kornishi. Hapo msomaji huonyeshwa milima ya mawe iliyouzunguka mji, majahazi, meli ya Sultani iitwayo Al Said ikiwa imefungwa gatini, na kile chetezo kikubwa kilichojengwa juu ya kilima penye bustani ya Riyam. Hufuata soko la zamani, ambalo hufungwa mchana kwa ajili ya joto na kufunguliwa tena alasiri: ubani, vyombo vya fedha, majambia, halua. Hufuata ngome. Hufuata pomboo waliotafutwa baharini kwa mashua tangu asubuhi. Mwisho ni kumshukuru Mungu kwa kurudi salama.

Msomaji akipenda, ahesabu vitenzi. Tulifika, tuliona, tulipiga picha, tulinunua, tulirudi. Ni nadra kukuta "tuliulizwa", "tulijibiwa" au "tulibishana". Mwandishi hututajia bei ya chetezo cha udongo hadi baisa ya mwisho, asituambie bei ile ilipatanwa kwa lugha gani. Hili ndilo linalotusumbua zaidi. Katika vichochoro vile vya Matrah, mama akimwita mwanawe kwa Kiswahili, si ajabu mnunuzi aliye pembeni akageuka na kumwuliza kwa Kiswahili kile kile ametoka wapi. Mtalii wa Ujerumani hawezi kukutana na jambo hilo. Sisi hukutana nalo, husimuliana mezani, kisha tunapoandika tunaliacha nje, kana kwamba halikuwa sehemu ya matembezi.

Neno lenyewe linatuhukumu. Kutalii tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kupitia maandishi kwa makini, kusoma. Kamusi za zamani za Kiswahili zililieleza kwa maana ya kuchunguza na kudurusu. Aliyekitalii kitabu alikuwa amekisoma kwa makini. Ni baadaye, biashara ya wageni ilipokua, ndipo neno lilipobakiwa na miguu na kamera.

Waliotutangulia waliijua maana ile ya kwanza. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa habari za safari zilizotungwa na watu wa pwani yetu. Mmoja wao, Salim bin Abakari, mwenye asili ya Komoro, alisafiri mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dkt. Bumiller, akapita Urusi na Siberia hadi Asia ya Kati. Ukimsoma Salim utaona anavyokipima kila kitu kwa kipimo cha kwao: chakula, mavazi, dini, namna watu wanavyoishi na baridi. Tena hafichi kwamba yeye mwenyewe alikuwa kitu cha kutazamwa, mtu mweusi aliyeshangaza watu wa miji aliyopita. Msomaji wake anapata macho ya pande mbili.

Miaka 30 hivi baadaye, Martin Kayamba, mtumishi wa serikali aliyefanya kazi Tanga, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kitabu chake cha mwaka 1932 kinaitwa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Jina hilo peke yake ni somo la uandishi. Lina vitenzi viwili, kuona na kufanya, na lina ile nafsi ya "sisi" ambayo familia zetu huitumia hadi leo. Mtu anaweza kumlaumu Kayamba kwa kuwastahi mno wenyeji wake, na sisi tunakubali lawama hiyo. Lakini hakusahau kwamba msafiri ni mtu anayetenda jambo mbele ya watu wengine.

Hatusemi hao wawili ni bora kwa kila kitu. Salim alikwenda kama mtumishi na Kayamba kama shahidi. Hakuna kati yao aliyekwenda kwa fedha yake mwenyewe, na mwenzi wake na watoto, kwa ajili ya kufurahi tu. Jambo hilo ni jipya katika maandishi yetu ya safari, nalo ni zuri. Mama anayeshika zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, akaketi jioni kwenye ukuta wa Kornishi akila aiskrimu na wanawe bila kuitwa na mtu, amepata kitu ambacho Salim hakukipata. Habari zetu zinapoeleza raha hiyo huwa zinasema kweli, na hatutaki ziache kuisema. Tunachodai ni kwamba zisiishie hapo.

Basi tuchukue mambo machache ambayo kila habari ya Matrah huyataja, tuone yanavyoweza kusomwa.

La kwanza ni chakula. Jioni, kando ya barabara, huuzwa nyama iliyochomwa kwenye vijiti. Waomani huiita mishkak. Habari zetu huiita nyama choma ya Kiarabu. Ni mshikaki, ndugu zetu, ule ule wa Forodhani, na mtoto aliyekula mshikaki kwa bibi yake anastahili kuambiwa hivyo. Kofia zilizotariziwa wanazovaa wanaume wa Oman ni jamaa wa kofia za Unguja na Lamu. Halua ni halua. Orodha hii msomaji anaweza kuiendeleza mwenyewe, na kila kitu kilichomo kinauliza swali moja: nani alikivusha bahari?

Jibu la swali hilo lina tarehe. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Watu wengi wenye asili ya Oman waliuawa, wengine walifungwa, wengine walikimbia wakatawanyika Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza, kwa kuwa Sultani wa Oman wa wakati ule, Said bin Taimur, hakuwa tayari kuwafungulia wote mlango. Mlango ulifunguliwa baada ya mwanawe, Qaboos, kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi kuijenga nchi. Waliosoma Unguja wakawa walimu, wauguzi na makarani wa wizara mpya. Kule Unguja walikuwa wakiitwa Waarabu. Walipofika Maskati wakaitwa Wazanzibari. Mtoto wa Columbia Heights angeielewa sentensi hiyo upesi kuliko msomaji mwingine yeyote, maana shuleni kwake yeye ni Mwafrika na kwa bibi yake Mombasa ni Mmarekani.

La pili ni ngome. Ngome ya Matrah ni ya Wareno, ya miaka ya 1580, sawa na Jalali na Mirani zilizopo katika mji wa zamani wa Maskati. Habari zetu husema "ngome ya Wareno" zikapita. Lakini Mmombasa ana ngome yake. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593. Waomani waliwafukuza Wareno Maskati mwaka 1650, wakawafuata ng'ambo, na mwaka 1698 wakaiteka Fort Jesus baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Jalali ilitumika kwa miaka mingi kama gereza. Fort Jesus nayo ilikuwa gereza la Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Mzazi anayesimama chini ya kuta za Matrah na mtoto wa miaka kumi ana hadithi nzima mkononi: bwana mmoja alijenga, mwingine akateka, na ng'ambo zote mbili, Maskati na Mombasa, kuta za namna ile zilikuja kufungia watu. Anayo hadithi hiyo, anaandika kwamba ngazi zilikuwa nyingi.

La tatu ni jahazi, na hapa tunaomba subira ya msomaji. Jahazi ndilo linalopambwa kuliko vyote katika habari hizi. Huwa "linapendeza", huwa "linatukumbusha kwetu". Ni kweli. Majahazi yalishuka kwa kaskazi kuanzia Desemba na kurudi na kusi. Yalileta tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na boriti za mikoko, karafuu na pembe za ndovu. Yalirudi pia na watu waliouzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba kati ya Sayyid Barghash na Waingereza, na katika Oman yenyewe utumwa ulifutwa rasmi mwaka 1970. Huo si umri wa mambo ya kale. Kuna wazee wanaotembea Matrah leo ambao walikuwa watu wazima mwaka ule.

Mwandishi Mwomani Jokha Alharthi amelisema hili kwa ujasiri. Riwaya yake Sayyidat al-Qamar, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilishinda tuzo ya Man Booker International mwaka 2019, inawaweka watumwa na wana wao ndani ya nyumba moja na mabwana zao, na haimfichi mtu. Ikiwa mwenyeji ameweza kuandika hivyo juu ya kwao, hatuoni kwa nini mgeni mwenye asili ya pwani yetu aandike kwamba jahazi linapendeza kisha aweke nukta.

La nne ni bandari yenyewe. Bandari ya Sultan Qaboos ilifunguliwa Matrah mwaka 1974. Mwaka 2014 shughuli za makontena na mizigo zilihamishiwa Sohar, na Matrah ikaachiwa zaidi meli za kitalii. Pilikapilika anazozikuta mgeni leo, kwa sehemu kubwa, ni za watu waliokuja kutazama na za wale wanaoishi kwa kutazamwa. Sisi tunatoka katika miji iliyopitia hali hiyo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Wengi wetu tulikulia kwenye baraza ambazo wageni walizipiga picha bila kutoa salamu kwa waliokaa juu yake. Aliyepigwa picha hivyo utotoni anajua jambo ambalo kitabu cha mwongozo hakimfundishi mtu. Tungetarajia lionekane katika maandishi yake siku anaposhika kamera yeye.

Kuna msomaji atakayetujibu kwamba likizo ni likizo. Mtu amefanya kazi miezi kumi na moja, amelipa nauli ya watu watano, na sasa wahakiki wanataka ageuze siku zake kumi kuwa darasa la historia mbele ya watoto waliochoka na jua. Jibu hilo lina uzito, na hatulipuuzi. Mapumziko ni haki yake, na jioni ya aiskrimu haihitaji tarehe yoyote. Lakini kupumzika ni jambo moja na kuandika ni jingine. Anayeandika amechagua kuwapa wengine kitu. Mazungumzo ya robo saa na muuza halua yangetosha kuijaza habari nzima, na mara nyingi mazungumzo hayo yalifanyika.

Kwa nini basi huachwa? Kwa maoni yetu ni kwa sababu ya woga, na woga huo una mizizi hapa hapa tunapoishi. Katika fleti za Columbia Heights na mitaa ya jirani, ngazi moja inaweza kuwakutanisha mtu ambaye babu yake alikimbia Unguja mwaka 1964, mtu ambaye babu yake aliyashangilia mapinduzi, Mbarawa aliyepitia kambi za Kenya, na Mkongo ambaye Kiswahili cha kwao kilifika na misafara ya kina Tippu Tip. Wote wanasoma kurasa hizi. Ukitaja 1964 utamuumiza mmoja, ukitaja utumwa utamuumiza mwingine. Mwandishi mwenye adabu anaona ni salama kuzungumzia pomboo.

Tunauelewa uungwana huo, ila tunadhani una gharama. Watoto wa familia hizo nne wanasoma shule moja. Wataelezwa habari za mababu zao na mtu fulani, na wazazi wakinyamaza, mtu huyo hatakuwa anayewapenda wote. Ikiwa babu mmoja alinyang'anywa nyumba na babu mwingine alinyang'anywa jina, mahali pa kuyasema yote mawili kwa lugha ambayo wote wanaielewa ni pachache mno duniani. Habari ya safari ya familia ni mojawapo, kwa kuwa haina hasira. Inaanza na ubani na kofia, na msomaji amekwisha kuketi. Malalamiko matupu yangemfukuza. Hata hivyo mandhari tupu humwacha alivyokuwa.

Kwa hiyo tunawaomba waandishi wetu mambo manne, yasiyohitaji shahada ya mtu. Kwanza, kila habari iwe na angalau mtu mmoja wa mji ule anayesema neno, nasi tuambiwe alilisema kwa lugha gani. Pili, watoto wapewe sentensi zao. Mtoto aliyeuliza kwa nini mzee yule anaongea kama babu ameuliza swali kubwa kuliko yote ya safari hiyo, na mara nyingi limekatwa ili kuipa nafasi picha ya ngome. Tatu, chochote kinachofanana na cha kwetu kiitwe kwa jina la kwetu: mshikaki uwe mshikaki. Nne, mwandishi atuambie alivyotazamwa, maana familia nyeusi inayozungumza Kiswahili na kubeba pasipoti ya Marekani haipiti Kornishi bila watu kujiuliza ni kina nani.

Mazoezi si lazima yangoje Maskati. Duluth iko mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka hapa, nayo ni bandari. Watoto wetu husimama Canal Park kila majira ya joto kuangalia daraja likinyanyuliwa ili meli ya madini ya chuma ipite. Waulizwe chuma kile kimechimbwa wapi, nani alikichimba, na kinakwenda kufanya nini. Kisha waandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Maktaba ya Columbia Heights, iliyohamia jengo jipya katika Central Avenue mwaka 2016, ina meza za kutosha kwa kazi hiyo, na wazazi wanaweza kuketi papo hapo wakaandika za kwao.

Majira mazuri ya kwenda Matrah ni Desemba, joto linapopungua kule na sisi hapa tunapofukua magari katika theluji. Bila shaka kuna familia ambazo zimekwisha kukata tiketi. Tungefurahi kuchapisha habari zao zikiwa na picha, pomboo na bei ya chetezo. Lakini tunaomba zianze na mtu aliyewasalimu, na neno la kwanza alilowaambia.